Habari Zimfikie Popote Alipo

AMKA JIRANI

“Simu,” alisema Leokadia.

Zamda aliitoa mfukoni, akabusu kioo chake kwa sababu picha ya binti yake ilikuwa hapo, kisha akaiweka kwenye kiganja kilichomngoja. Leokadia akaifungia kwenye kabati la chuma na kuuning’iniza ufunguo shingoni. Kuanzia hapo mpaka Redio ya Taifa imalize matangazo ya vifo jioni, hakuna neno la nje ambalo lingemfikia Zamda bila kupita kwa Leokadia. Hiyo ilikuwa kanuni ya kwanza ya chumba: moyo usiingiwe na jambo lisilo kwenye ratiba.

“Mama Yusra, umenenepa,” alisema Leokadia akimfunga mkanda wa kifua. “Huu mkanda haufiki. Nazi hizo. Nyie mnatia nazi mpaka kwenye chai.”

“Mkanda ndio umesinyaa. Umeshikwa sana na watu wanaolala zizini, umejifunza ubahili.”

“Ng’ombe wetu ana adabu kuliko kaka yako.”

“Kaka yangu yupi? Yule aliyekukimbia?”

Walicheka mpaka kola ya waya ikamteleza Zamda kooni, ikabidi ifungwe upya. Kabila la huyu na kabila la yule yalikuwa na utani tangu enzi za mababu. Hakuna tusi ambalo Leokadia angeshindwa kumtupia Zamda, na hakuna ambalo Zamda angeruhusiwa kulikasirikia. Redio ilijua. Katika vyumba vyote vya mtambo, mlezi na moyo wake walipangwa watani kwa watani. Mtu anayeweza kukuchekesha alfajiri kabla hujanywa chai ni mali.

Mshale kwenye meza ya Leokadia ulipanda ukagusa eneo la njano. Furaha. Akatoka, akafunga mlango mzito, akakaa upande wake wa kioo na kubonyeza kitufe cha kipaza sauti.

“Mtani. Pumua.”

Zamda akapumua. Maneno ya kipindi yakaanza kupanda kwenye kioo kidogo mbele yake, naye akayatamka bila sauti, midomo na pumzi tu. Sauti iliyotoka kwenye redio za nchi nzima haikuwa yake. Ilikuwa ya Bi. Salha Mwandoro, mtangazaji aliyefariki kabla Zamda hajazaliwa.

“Amka jirani! Hata kama jana hukulala, amka tu, utalala ukizeeka!”

Mwaka wa kwanza walijaribu kuuacha mtambo unaoiga sauti yake useme wenyewe. Ulisema kila neno sawasawa, na watu wakazima redio. Bibi mmoja alipiga simu kituoni akasema: huyo amekufa, mzikeni. Ndipo mafundi walipogundua kwamba sauti ya Bi. Salha inahitaji kupanda juu ya kifua cha mtu aliye hai, ichukue mtetemo wake, joto lake, hata kukwama kwake. Maneno yaliandikwa na wahariri. Koo lilikuwa la marehemu. Kilichobaki, kile ambacho hakiandikwi wala hakirekodiwi, kilitolewa na mtu aliyefungwa kwenye kiti, na mtu huyo akaitwa moyo.

Zamda alikuwa moyo mzuri kuliko wote kwa vipindi vya asubuhi. Alikuwa akiiambia nchi nzima iamke, na nchi ikiamka ikitabasamu, kabati la chuma pembeni ya Leokadia lilipoanza kunguruma.

Simu yake. Mlezi alitakiwa kupokea na kusema mwenyewe yuko kazini. Leokadia akafungua.

“Mama Yusra?” Sauti ya mwanamke, ya haraka.

“Yuko kazini. Mimi mwenzake. Nani mwenzangu?”

“Muuguzi, hospitali ya wilaya, huku Luhombe. Tunaye mtoto wake. Ametolewa juu ya paa la shule. Bibi yake ndiye aliyempandisha, mwenyewe hajaonekana. Maji yameingia kifuani. Dada, mtoto anamtaka mama yake. Aje leo. Asingoje kesho.”

“Maji gani?”

Muuguzi akashusha sauti.

“Kwani nyie redioni hamna habari?”

MKURUGENZI

Bwana Gwakisa, mkurugenzi wa vipindi, alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha mezani kwake, akichovya kwenye chumvi. Alimsikiliza Leokadia mpaka mwisho bila kuacha kutafuna.

“Kaa chini, mwanangu.”

“Sikai, baba. Treni ya kusini ni saa nne, na hakuna nyingine mpaka kesho. Nimekuja kuomba moyo mwingine aingie.”

“Milango ya bwawa la Luhombe imefunguliwa usiku,” alisema Gwakisa. “Bila king’ora. Nyamkole, kwao na Mama Yusra, imekwenda, na vijiji viwili chini yake. Tumeambiwa tusiseme kitu mpaka jioni, majina yakishakusanywa.”

“Nani kafungua?”

Gwakisa akamnyooshea kipande cha muhogo kama mwalimu anayemsifu mwanafunzi.

“Umeona? Swali la kwanza hilohilo. Na nchi nzima italiuliza hilohilo, isipokuwa kama itakuwa inalia. Mtu anayelia haulizi, Leokadia. Anayelia anatafuta leso.” Akafuta vidole. “Jioni nataka Bi. Salha ailize nchi hii mpaka ichoke, ilale.”

“Kuna mioyo mizuri ya jioni. Mchukue Tatu. Mchukue yule mama wa chumba cha tatu.”

“Ile ajali ya kivuko uliwasikiliza? Wasikilizaji walipiga simu wakasema Bi. Salha anaigiza. Anaigiza! Tulimkatia moyo vitunguu, tukamsimulia habari za mama yake aliyekufa zamani, tukamnyima usingizi, na bado muuza mkaa akajua kwamba ni uongo.” Akamtazama sasa, kwa mara ya kwanza. “Watu wanajua, mwanangu. Huzuni ya kweli wanaijua kwa harufu. Na leo Mungu ametuletea ya kweli, iko kwenye kiti, imefungwa mkanda tayari.”

Leokadia alikaa bila kukusudia.

“Mtoto yuko hai,” alisema.

“Basi vizuri. Watoto wana mapafu ya paka. Jioni mama yake atasoma jina la shule, atasoma majina ya majirani, atalia inavyotakiwa. Kisha utafungua mlango na kumwambia, Mama Yusra, wako yuko salama. Atakubusu miguu.”

“Na akifa?”

“Daktari gani anashindwa na maji?”

Gwakisa akasogeza sahani.

“Mlango ni wako. Ufunguo uko shingoni mwako, sijakuvua. Ila unajua kiti hakikai wazi. Moyo akitoka katikati ya siku, mlezi ndiye anayekaa. Unataka kukaa wewe? Unataka mimi niwe ninakuchagulia huzuni?”

Leokadia alikuwa ameona mioyo ya zamani. Waliokaa miaka walikuwa wanacheka msibani na kulia sokoni, wasijue kipi ni chao.

Alirudi chumbani kwake. Atamwambia, aliamua. Atamwambia baada ya kipindi cha wagonjwa. Kingekwisha saa tatu na nusu. Muda wa kufika stesheni ungekuwepo.

POLE KWA WAGONJWA

Kipindi hiki kilikuwa cha salamu. Jamaa walituma majina, na Bi. Salha aliyapeleka wodini, ambako kila hospitali ilikuwa na redio ukutani.

Muuguzi alikuwa amepiga tena.

“Tumemlaza chini ya redio,” alisema. “Anasema mama yake yumo humo. Tunamwambia yule ni Bi. Salha, mtoto anabisha. Anasema, mama akicheka anavuta pumzi kwanza, sikilizeni. Tukasikiliza, dada. Kweli anavuta.”

Leokadia alikata simu, akakaa mbele ya mashine yake ya kuandikia. Mlezi aliruhusiwa kuingiza mstari mmoja miwili, kufidia muda. Vidole vyake viliandika kabla hajaamua.

Upande wa pili wa kioo, midomo ya Zamda ilikuwa inamtakia afueni fundi cherehani mmoja aliyevunjika nyonga. Maneno mapya yakapanda.

“Na wewe mtoto uliyelala wodini leo bila mtu wako,” ilisema sauti ya Bi. Salha, na mshale wa Leokadia ukaingia eneo ambalo halikuwa na rangi, kwa sababu mafundi hawakuwahi kulihitaji. “Mama hajakuacha. Yuko njiani. Weka mkono kifuani. Pumua naye. Haya. Tena. Taratibu, mwanangu.”

Zamda alikuwa ameweka mkono kifuani mwake mwenyewe. Hakuna aliyemwagiza.

Wimbo ulipowekwa, alijinyoosha kwenye kiti na kuongea kwa sauti yake, nyembamba, yenye mkwaruzo, ambayo hakuna aliyeilipia.

“Nani kaandika ile? Nzuri ile. Imenikumbusha wangu alipougua surua.”

Leokadia akabonyeza kitufe. “Mama Yusra...”

“Naam, mtani.”

Simu kabatini ikanguruma. Leokadia akaachia kitufe, akapokea.

“Amelala,” muuguzi alinong’ona. “Amelala akitabasamu. Daktari anasema akilala hivi mpaka jioni, huenda tukavuka.”

Leokadia alirudisha simu kabatini. Huenda tukavuka! Aliona wazi jinsi ilivyokuwa bora hivi: mtoto amelala, redio ndiyo iliyomlaza, mama akiondolewa kwenye kiti redio itanyamaza na mtoto ataamka. Alilipanga vizuri wazo hilo, upande kwa upande, mpaka likasimama. Saa nne alikuwa bado analitazama limesimama pale, zuri, aliposikia honi ya treni ya kusini ikitoka stesheni.

“Ulitaka kusema nini?” aliuliza Zamda.

“Nilitaka kusema unakoroma ukiwa macho.”

“Mwongo wewe. Mla maziwa.”

MCHEZO WA MCHANA

Mchezo wa redio ulikuwa umeandikwa wiki tatu nyuma. Mama mmoja anamfukuza binti yake kwa kosa ambalo msikilizaji angelijua Jumamosi. Hakuna aliyeuandika kwa ubaya.

Mchezo ulihitaji hasira, na hasira ilikuwa kazi ya mlezi. Utani haukutosha, utani, kwa asili yake, hauumizi. Kwa hasira Leokadia alikuwa na maneno mengine, ambayo walikuwa wamekubaliana zamani kwamba yanabaki chumbani na hawatoki nayo.

Alijua kwamba redio iko juu ya kitanda. Alijua. Akajiambia mtoto amelala. Akatazama dirisha dogo la mlango, na nyuma yake akaona bega la Bwana Gwakisa, amesimama, anaangalia mshale.

“Mama Yusra,” alisema kwenye kipaza sauti. “Hivi Baba Yusra alipoondoka alisema nini?”

Zamda alifumba macho. Ndiyo, kazi imeanza. “Alisema mengi.”

“Alisema wewe si mama. Alisema mwanamke anayemtupia bibi mtoto ili akakae kwenye kiti kutetemekea watu asiowajua, huyo si mama.”

Mshale ukapanda.

“Alisema mtoto akikuugulia, utakuwa wa mwisho kujua.”

Hilo halikuwamo kwenye maneno yao ya siku zote. Limetoka tu. Leokadia alilisikia likitoka na hakulirudisha. Mshale ukagonga mwisho wa nyekundu, na mtambo ukaichukua hasira ile mbichi, ukaivika sauti inayopendwa kuliko zote nchini.

“Toka mbele yangu! Toka! Usiniite mama! Sina mtoto mimi, umesikia? Sina mtoto!”

Mafundi wawili kwenye ukumbi walisimama kusikiliza. Walisema baadaye kwamba haujawahi kuwapo mchezo kama ule.

Kabati lilinguruma kabla wimbo wa mwisho haujakwisha. Leokadia alichelewa kupokea. Alipopokea, ilisikika redio tu, upande ule, ikipiga wimbo uleule unaopigwa upande huu.

“Tungeizima,” alisema muuguzi mwishowe. “Mimi ndiye ningeizima. Nilikuwa na mwingine mikononi.”

“Dada...”

“Aliamka kwenye ile kelele. Akaniuliza, nimemkosea nini mama? Nikamwambia huyo si mama yako, ni mchezo, ni Bi. Salha. Akasema hapana. Akasema ni yeye, nimemjua.” Muuguzi akavuta kamasi. “Akageukia ukutani. Nimekwenda kwa yule mwingine, nimerudi, basi.”

Leokadia alisema asante. Ndilo neno lililotoka.

JEMBE NA MVUA

“Sasa hakuna cha kumwahisha,” alisema Bwana Gwakisa kwenye korido, kwa sauti ya upole kabisa. “Treni imekwenda. Mtoto amekwenda. Ukimwambia sasa atalia chumbani kwa faida ya nani? Kwa faida yako, uwe umesema. Mwache afanye kazi yake.” Akamgusa bega. “Na wewe kunywa chai. Umepauka.”

Kwa hiyo Zamda alisoma habari za mahindi. Alisoma kuhusu viwavi, kuhusu kupanda kwa nafasi, kuhusu mbolea ya samadi, na mshale ulikaa katikati, kwenye buluu, ambako mtu huwa akiwa hana jambo.

“Mtani,” alisema wakati wa mapumziko, “Ijumaa nakwenda kumchukua Yusra. Nimemaliza. Nimepata chumba chenye dirisha, na shule iko ng’ambo ya barabara tu. Nimemnunulia begi la magurudumu. Bibi yake anasema atalivuta wapi na matope yale, nikamwambia huku mjini kuna lami.” Akacheka, akivuta pumzi kwanza. “Amenipigia jana kuniuliza kama magurudumu yanawaka taa. Sikumwambia. Yanawaka.”

Leokadia alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe.

“Mbona kimya? Umeishiwa matusi leo?”

“Leo umenishinda,” alisema Leokadia.

“Nilijua siku itafika.”

MATANGAZO YA VIFO

Ngoma ilipiga mara tatu. Nchini kote watu waliacha walichokuwa wanafanya, kwa sababu tangu mchana uvumi ulikuwa unatembea, na kila mwenye ndugu kusini alikuwa amekaa karibu na redio.

Matangazo haya yalikuwa na muundo wake, mkongwe kuliko mtambo, mkongwe kuliko Bi. Salha. Jina la anayetangaza. Jina la marehemu, mahali alipofia, na lini. Kisha majina ya jamaa walio mbali, wasiojulikana walipo. Na kila tangazo husomwa mara mbili, ili aliyekuwa jikoni apate muda wa kukimbilia sebuleni.

Bwana Gwakisa alikuwa amepanga majina mwenyewe. Aliliweka la Yusra katika nafasi ya tatu. Sauti iwe imeshapata joto, alisema, lakini nchi iwe haijachoka. Sasa alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Leokadia, mikono mgongoni.

“Mtani,” alisema Leokadia kwenye kipaza sauti. Kulikuwa na muda bado. Kulikuwa na nafasi ya maneno matatu, na alikuwa nayo, yote matatu, mdomoni.

“Naam.”

“Pumua.”

Zamda alisoma la kwanza. Aliposoma neno Nyamkole, uso ulishtuka, akatupa jicho kwenye kioo. Lakini maneno hayasubiri, yanapanda, na mdomo uliofundishwa huyafuata. Alisoma la pili mara mbili. Lilikuwa la jirani wa mama yake. Mshale ulianza kucheza.

La tatu likapanda.

“Ukoo wa Mwinyikondo wa Nyamkole unasikitika kutangaza kifo cha mtoto wao mpendwa, Yusra Hamadi, kilichotokea leo mchana katika hospitali ya wilaya. Habari zimfikie mama yake, Zamda Mwinyikondo, popote alipo.”

Ilisomwa vizuri, kwa utulivu, na sauti nzito yenye asali ya mwanamke aliyekufa zamani. Midomo ilikuwa imetangulia. Leokadia aliona habari zikimfikia: zilianzia machoni, zikashuka, na mikono ikashika pande za kiti.

Gwakisa alivuta pumzi na kuishikilia. Nchi nzima, nyumba kwa nyumba, ilikuwa imeinamia redio.

Kilio hakikuja.

Zamda aliinua uso, akamtazama Leokadia kupitia kioo. Akatazama ufunguo shingoni mwake. Mshale haukwenda nyekundu wala buluu. Ulilala chini kabisa, kana kwamba kitini hakuna mtu.

“Leo mchana,” ilisema sauti ya Bi. Salha. Haikuwa kwenye maandishi. “Leo mchana.”

“Anasema nini?” alinong’ona Gwakisa.

“Leo mchana nilikuwa wapi?” iliuliza sauti ile, polepole, bila kutetemeka, kwenye kila jiko na kila duka na kila wodi ya nchi. “Mtani. Leo mchana nilikuwa wapi? Nani alijua? Hayo maji yamefunguliwa na nani?”

Gwakisa alirukia swichi. Ngoma ikapigwa badala ya sauti, ngoma tupu, mfululizo.

Zamda alijifungua mwenyewe. Alivua kibano cha kidole, akavua kola, akafungua mkanda, kila kimoja akikiweka mahali pake, kama kila jioni. Mlango ukafunguka. Leokadia alisimama. Alitamani apigwe, na alisogeza uso kabisa ili apigwe vizuri.

Zamda akanyoosha kiganja.

“Simu,” alisema.

Leokadia akavua ufunguo.

Zamda alifungua kabati, akaitazama simu yake, ile orodha ya simu zilizoingia na kila moja imepokelewa. Akakaa kwenye kiti cha mlezi, kwa sababu treni ilikuwa kesho na hapakuwa na mahali pengine pa kukaa duniani, akapiga hospitali.

“Ingia,” Gwakisa alimwambia Leokadia.

“Baba, siwezi.”

“Kuna majina hamsini na zaidi. Kuna watu hamsini na zaidi wamekaa huko hawajui kama wazike au wangoje. Utawaacha na ngoma?” Alikuwa anampapasa mifuko huku anasema, alipopata simu yake akaitupia kabatini. Kanuni ni kanuni. “Na swali lile limeshatoka. Kalifute.”

Leokadia aliingia. Mkanda ulikuwa bado na joto, na kola ilikuwa na jasho la mwenzake. Ngoma ikakoma. Maneno yakapanda, na kwa kuwa tangazo la tatu lilikuwa limesomwa mara moja tu, mtambo ulianzia pale ulipoachwa.

“Tunarudia,” alitamka Leokadia bila sauti. “Ukoo wa Mwinyikondo wa Nyamkole unasikitika kutangaza...”

Mwili wake ulijua la kufanya. Kila kitu ambacho hakukisema tangu alfajiri kilipanda kwa pamoja, kikamkwama kooni, na mtambo ukakipokea bila kuuliza kilikotoka. Aibu, ikipita kwenye koo la Bi. Salha, ilisikika kama huzuni, hata kuliko huzuni. Kwenye jina la mtoto sauti ilivunjika. Kwenye neno mama iliinuka tena, ikishikilia ukuta.

“Habari zimfikie mama yake, Zamda Mwinyikondo, popote alipo.”

Alipo alikuwa hatua chache mbele yake, nyuma ya kioo, simu sikioni, akimsikiliza muuguzi. Leokadia aliona bega lake likishuka. Akaona mkono ukiziba mdomo. Akajua amefika pale; ameambiwa kuhusu mchezo.

Simu za wasikilizaji zilikuwa zimeanza kuwaka ukutani, safu nzima. Gwakisa alipokea moja, akasikiliza, akafuta macho yake mwenyewe kwa kiganja. Alikuwa analia kweli. Alimwonyesha Leokadia kidole gumba. Midomo yake ilisema: hapo sasa. Kisha akatoka kwenda kupokea pongezi.

Jina la nne. La tano. La sita. Nchi ilikuwa inatafuta leso.

Ndipo Leokadia alipoona mwanga ukipepesa kabatini. Mlango wa chuma ulikuwa wazi, ufunguo ukining’inia kwenye tundu. Simu iliyokuwa inawaka ilikuwa yake. Aliitambua kwa ganda lake la kijani. Mama yake, huko nyumbani, hakuwa na desturi ya kupiga kabla matangazo hayajakwisha. Hakuna aliyekuwa na desturi ya kumpigia saa hii.

Zamda aliitazama simu ile kwa muda. Akaichukua. Akapokea.

Kioo kilikuwa kinene, hakikupitisha kitu. Leokadia alisoma jina la saba huku akitazama mdomo wa Zamda ukisema maneno machache. Yuko kazini, mdomo ulisema. Mimi mwenzake. Kisha ukanyamaza, ukasikiliza. Ulisikiliza muda mrefu. Hakuna kitu kilichobadilika kwenye uso ule, kwa sababu hakukuwa na kitu kilichobaki cha kubadilika.

Zamda alikata simu. Akairudisha kabatini, akafunga, akauvaa ufunguo shingoni. Akavuta kiti karibu na meza, akabonyeza kitufe.

“Mtani,” ilisema sauti nyembamba yenye mkwaruzo, ndani kabisa ya sikio la Leokadia. “Ilikuwa simu ya kwenu.”

Leokadia aliinua macho. Alitikisa kichwa, akaomba kwa uso, kwa nyusi, kwa kila alichokuwa nacho, kwa sababu mdomo haukuwa wake, mdomo ulikuwa unasoma jina la nane, na nchi nzima ilisikia sauti ya Bi. Salha ikianza kutetemeka upya.

“Nitakuambia matangazo yakiisha,” alisema Zamda. “Pumua.”